Picha Haijafa: Dawa ya Video Inayokwama katika Kompyuta

MASOMO YA WATU WAZIMA KWA RADIO

Haya ni maneno ya mazungumzo kama yalivyosemwa katika radio. Yamepigwa chapa ili yasomwe tena darasani.

Kwa kiongozi wa darasa: Someni fungu moja moja. Mwanafunzi mmoja asome kwa sauti, wengine wafuate kwa kidole. Mwisho wa kila fungu ulizaneni: tumeelewa nini? Maneno mapya na maswali yako mwisho wa karatasi.

*

Kalamu na daftari ziwe karibu, maana yako mambo machache yanayofaa kuandikwa.

Leo tutazungumza juu ya picha za video. Siku hizi watu wengi wanapiga picha hizi kwa kamera au kwa simu, kisha wanaziingiza katika kompyuta ili wazikate na kuziunganisha. Mpiga picha wa arusi anafanya kazi hii kwa riziki yake. Chama cha ushirika kinataka kumbukumbu ya mkutano wake. Bibi shamba anataka kuwaonyesha wakulima jinsi ya kuchagua mbegu za mihogo. Wote hawa huweza kupatwa na shida moja.

Fikirini kijana aliyeitwa kupiga picha za arusi. Amesimama kutwa nzima na kamera yake. Usiku anakaa mbele ya kompyuta, anaingiza picha zake katika programu ya kuhariri, anabonyeza kitufe cha kuchezesha. Lo! Sauti ya ngoma inasikika, lakini picha ni nyeusi. Au picha inatokea, inakwama, inaruka, inakwama tena. Kijana anaona moto. Anasema, "Kadi hii imeharibika." Anaifuta, apate kuitumia katika kazi ya kesho.

Hapo ndipo anapoleta hasara yenyewe. Arusi hairudiwi. Bibi arusi hawezi kuambiwa avae tena, wageni waitwe tena. Na mzee aliyetoa mawaidha siku ile, huenda mwakani hatunaye.

Basi andikeni neno hili katika daftari, kwa herufi kubwa: VIDEO INAYOKATAA KUCHEZA, MARA NYINGI HAIJAHARIBIKA. Picha ipo, nzima, ndani ya kadi. Kompyuta ndiyo iliyoshindwa kuisoma. Kazi yetu ni kutafuta fundo liko wapi, na kulifungua taratibu.

Mafundo haya ni ya namna nne. Nitayataja kwa maneno manne, nanyi yaandikeni: Nakala. Lugha. Nguvu. Mwendo. Kila shida ikitokea, ulizeni maswali manne kwa mpango huo huo. Msianze na la nne kabla ya la kwanza.

1. NAKALA

Swali la kwanza: Je, nakala iliyo katika kompyuta ni nzima?

Tuanze na kadi yenyewe. Pengine unaitia kadi katika kompyuta, na kompyuta inakuambia kwamba haiwezi kuisoma mpaka uifomati, yaani uiandae upya. Kuiandaa upya ni kufuta vyote vilivyomo. Jibu lako ni moja tu: Hapana. Toa kadi.

Kwa nini kompyuta iseme hivyo? Sababu moja ni hii. Kadi zenye nafasi kubwa kupita gigabaiti 32, zile zilizoandikwa SDXC, huandaliwa kwa mpango uitwao exFAT. Kompyuta za zamani, kama zile za Windows XP ambazo hazikuongezewa kitu, haziujui mpango huo. Hali kadhalika viko visomeo vya kadi vya zamani visivyoweza kusoma kadi kubwa. Kadi ni nzima kabisa; kompyuta ndiyo mgeni. Jaribu kompyuta mpya zaidi, au kisomeo kingine, au rudisha kadi katika kamera na uiunganishe kamera na kompyuta kwa waya.

Kadi ikisomeka, usianze kukata picha moja kwa moja kutoka katika kadi. Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Nakili kwanza vyote, viingie katika diski ya kompyuta, ndipo uanze kazi.

Nimesema nakili vyote. Maana yake ni kadi nzima, pamoja na folda zake zote, hata zile unazoziona hazina maana. Nitaeleza sababu.

Mwaka 2006 makampuni ya Sony na Panasonic yalileta utaratibu wa kuandika video katika kamera uitwao AVCHD. Kamera nyingi za mkononi zimeutumia, na nyingi zingali zikifanya kazi. Ukifungua kadi ya kamera hiyo utaona folda iitwayo PRIVATE. Ndani yake iko AVCHD, ndani yake iko BDMV, na ndani yake iko STREAM. Huko ndani kabisa ndiko yaliko mafaili ya picha, nayo huishia na herufi MTS. Watu wengi huyachukua mafaili hayo peke yake na kuyaacha mengine. Lakini folda zile nyingine zina habari za kuieleza programu ni kipande kipi kinafuata kipi.

Kwa nini kuwe na vipande? Kwa sababu kadi nyingi za gigabaiti 32 na chini yake huandaliwa kwa mpango uitwao FAT32, na mpango huo hauwezi kubeba faili moja lililofikia gigabaiti 4. Tupige hesabu. Kamera inayoandika megabiti 50 kwa kila nukta moja ya saa hujaza gigabaiti 4 kwa muda wa dakika 11 hivi. Kwa hiyo mawaidha ya saa moja yatakatwa na kamera yenyewe kuwa vipande 6. Ukivinakili vipande bila folda zake, programu nyingine huviunganisha vibaya, na kila penye kiungo sauti hukatika kidogo. Mzee anasema, "Wanangu, shikeni..." na neno linalofuata limemezwa. Kumbe halikupotea. Rudi katika kadi, nakili folda zote, kisha ifungulie programu folda ya juu kabisa, iunganishe yenyewe.

Baada ya kunakili, linganisha. Hesabu mafaili yaliyo katika kadi na yaliyo katika kompyuta. Tazama pia ukubwa wake. Hesabu mbili zikilingana, vema. Zisipolingana, nakili tena.

Sasa iko njia rahisi ya kujua kama faili lingali hai. Ipo programu ya bure iitwayo VLC. Ilianzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja huko Ufaransa, na tangu mwaka 2001 imeruhusiwa kutumiwa na kugawiwa na mtu ye yote bila malipo. Sifa yake ni kwamba inakuja na ujuzi wake wa kusoma aina nyingi za video, haitegemei ujuzi wa kompyuta. Fungua faili lako kwa VLC. Likicheza vizuri humo, faili ni zima. Shusha pumzi, nenda swali la pili. Likionyesha vipande vya rangi ya kijani au kijivu, huenda nakala iliharibika njiani. Linganisha na lile lililo katika kadi.

Na je, likikataa hata katika VLC? Jiulize kama betri ilikwisha wakati kamera ikiandika. Faili la MP4 au MOV lina fahirisi, kama orodha ya sura katika kitabu. Aghalabu kamera huiandika fahirisi hiyo mwishoni, unapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Umeme ukikatika kabla ya hapo, kurasa zipo lakini fahirisi haipo, na programu haijui pa kuanzia. Hifadhi kwanza nakala ya faili hilo kama lilivyo. Kisha tia betri iliyojaa, rudisha kadi katika kamera, uiwashe. Kamera nyingine huligundua kosa na kuuliza kama itengeneze. Ikishindikana, iko programu iitwayo Untrunc. Hiyo hupewa faili bovu pamoja na faili zima la kamera ile ile, ikajifunza kwa lile zima namna ya kulipanga lile bovu. Haiponyi kila mara, lakini imekwisha okoa picha nyingi. Ila haiwezi kuokoa faili uliloandikia juu yake. Kwa hiyo, kadi yenye shida isipigiwe picha nyingine hata moja.

2. LUGHA

Swali la pili: Je, programu yako inaijua lugha ya faili hili?

Watu husema, "Faili langu ni MP4, na programu yangu inasoma MP4. Mbona haichezi?" Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopotea. MP4 ni jina la kopo. Kopo si chakula. Ndani ya kopo la MP4 mnaweza kuwa na picha zilizoandikwa kwa njia hii au kwa njia ile. Njia hiyo ya kuandika huitwa kodeki.

Kodeki ni ya nini? Tupige hesabu nyingine. Video si kitu ila picha tuli nyingi zinazopita upesi. Picha moja ya video ya kawaida ya siku hizi ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Zidisha: ni nukta zaidi ya milioni 2. Kila nukta ikitumia baiti 3 kwa rangi zake, picha moja ni megabaiti 6. Picha 25 kwa nukta moja ya saa ni megabaiti 155. Dakika moja ni gigabaiti 9 na zaidi! Kadi ya gigabaiti 32 ingejaa kabla ya dakika 4 kwisha. Wageni wasingewahi hata kuketi.

Kwa sababu hiyo kamera huzibana picha, kama mtu anavyofunga nguo nyingi katika sanduku dogo. Ile kamera ya megabiti 50 tuliyoitaja imezibana mara 25 hivi. Lakini aliyefunga kwa njia yake hapana budi apatikane wa kufungua kwa njia hiyo hiyo. Kodeki ndiyo kanuni ya kufunga na kufungua.

Kodeki mbili zinafaa kujulikana. Ya kwanza ni H.264, iliyokubaliwa mwaka 2003. Karibu kila kompyuta inaijua. Ya pili ni H.265, yenye jina jingine HEVC, iliyokubaliwa mwaka 2013. Hii hubana zaidi, lakini kuifungua ni kazi ngumu zaidi, na programu nyingine haziijui mpaka ziongezewe. Simu za iPhone zilianza kuandika kwa HEVC mwaka 2017, na simu nyingine nyingi zina uwezo huo. Ndiyo maana video ya simu mpya, ikiingizwa katika kompyuta ya miaka mingi, hutoa sauti na picha nyeusi.

Utajuaje lugha ya faili lako? Katika VLC ya kompyuta ya Windows, faili likiwa linacheza, shika kitufe cha Ctrl na ubonyeze J. Patatokea kidirisha cha habari za kodeki. Tazama kama pameandikwa H264 au HEVC. Andika katika daftari.

Ukikuta HEVC na programu yako haiijui, yako mambo matatu ya kufanya. La kwanza, tafuta toleo jipya la programu yako, au nyongeza ya kusomea HEVC. Ya Windows hupatikana katika duka la Microsoft. La pili, geuza faili liwe H.264. Programu ya bure iitwayo HandBrake hufanya kazi hiyo: unaipa faili, unachagua H.264, unaiacha ifanye kazi huku wewe ukinywa chai. La tatu ni la kukinga. Katika mipangilio ya kamera ya simu, mahali pa kuchagua namna ya kuandika video, chagua ile inayokubaliwa na vyombo vingi. Fanya hivyo kabla ya sherehe, si baada yake.

Kuna kosa moja linalofanywa sana. Mtu huliona faili la MTS, akabadilisha jina lake kuwa MP4, akatumaini litacheza. Ndugu zangu, ukichukua kopo la chumvi ukaandika juu yake "sukari", chai haitakuwa tamu. Kugeuza jina si kugeuza kilichomo.

Na ikiwa picha inatokea lakini sauti haipo? Sauti nayo ina kodeki yake, mbali na ya picha. Kamera za AVCHD, kwa mfano, aghalabu huandika sauti kwa kodeki iitwayo AC-3, na programu nyingine haziijui. Dawa ni ile ile: geuza.

Lakini ukishageuza, usifute faili la kwanza. Usiache mbachao kwa msala upitao. Faili lililogeuzwa ni msala wa kuazima. Limepungukiwa kidogo kwa kubanwa mara ya pili. Lile lililotoka katika kamera ndilo mbachao wako.

3. NGUVU

Swali la tatu: Je, kompyuta inaelewa lakini inachoka?

Dalili yake ni hii: katika VLC video inacheza vizuri mwanzo hadi mwisho, lakini katika programu ya kuhariri inakwama-kwama, hasa unaporuka mbele na nyuma. Watu hushangaa. Faili ni lile lile, kompyuta ni ile ile. Imekuwaje?

Mfano wake ni mchungaji mwenye daftari la ng'ombe. Siku ya kwanza anaandika hesabu kamili: madume 3, majike 20, ndama 9. Siku ya pili haandiki yote tena, anaandika tu, "Amezaliwa ndama mmoja." Siku ya tatu, "Ameuzwa dume mmoja." Hivyo daftari halijai upesi. Baada ya majuma mawili anaandika tena hesabu kamili. Sasa ukimwuliza ghafula, "Siku ya kumi na moja ulikuwa na ng'ombe wangapi?" hawezi kujibu kwa kusoma ukurasa huo mmoja. Lazima arudi siku ya kwanza, ajumlishe na kutoa mpaka afike.

Kamera hufanya vivyo hivyo kwa H.264 na H.265. Huandika picha moja kamili, kisha kwa picha nyingi zinazofuata huandika mabadiliko tu. Anayetazama tangu mwanzo hapati taabu, maana hesabu inakwenda mbele hatua kwa hatua. Lakini mhariri anarukaruka: hapa, pale, rudi nyuma. Kila mruko kompyuta inarudi kwenye picha kamili na kuanza kujumlisha upya. Ndipo inapohema.

Wengi hukimbilia kununua diski mpya. Kabla ya kutoa fedha, pigeni hesabu. Video kali ya kiasi cha megabiti 100 kwa nukta moja ya saa ni megabaiti 12 na nusu tu. Hata diski ya kawaida yaweza kutoa mara kadhaa ya hizo. Basi aghalabu shida si diski. Ni ile kazi ya kujumlisha. Na kazi hiyo hupunguzwa bila kununua kitu.

Njia ya kwanza: punguza ukubwa wa picha ya kutazamia. Karibu programu zote za kuhariri zina mahali pa kuchagua nusu au robo. Picha itaonekana hafifu kidogo machoni pako, lakini kazi ya mwisho itatoka kamili.

Njia ya pili: tengeneza nakala nyepesi. Programu hutengeneza picha ndogo za mafaili yako, wewe unakata na kupanga ukizitumia hizo, na mwisho programu inarudi kwenye mafaili makubwa ili itoe kazi safi. Programu ya bure iitwayo Shotcut inaweza, na Kdenlive nayo inaweza. Usiogope kwamba arusi itatoka hafifu. Nakala nyepesi ni kama kielelezo cha fundi cherehani cha karatasi: nguo yenyewe haishonwi kwa karatasi.

Njia ya tatu: geuza mafaili yaandikwe kwa kodeki ya kazi, ambayo kila picha ni kamili, hesabu ya ng'ombe kila siku. Kodeki za namna hiyo ni ProRes, ya kampuni ya Apple, na DNxHR, ya kampuni ya Avid. Kukata kunakuwa rahisi sana. Lakini zinakula nafasi: saa moja ya ProRes ya kawaida, kwa picha ya nukta 1,920 kwa 1,080, ni gigabaiti 55 hivi. Mwenye diski ndogo atumie njia ya pili.

4. MWENDO

Swali la nne: Je, picha na sauti zinakwenda pamoja?

Dalili yake: mwanzoni midomo na maneno vinalingana, baada ya dakika kumi, msemaji amefunga mdomo na sauti bado inasema. Shida hii huwapata zaidi wanaotumia simu.

Kamera ya kazi huandika picha kwa hesabu isiyobadilika, kwa mfano 25 kila nukta ya saa. Simu si hivyo. Umeiambia iandike 30, lakini gizani, au ikipata joto, inaandika 29, au 27, kisha inarudi 30. Sauti haipungui. Programu nyingine hudhani kwamba ni 30 daima. Tazameni linalotokea. Simu ikiandika 29 kwa dakika 10, ambazo ni nukta 600 za saa, itakuwa imeandika picha 17,400. Programu ikizitoa 30 kwa kila nukta, zitakwisha kwa nukta 580. Picha zimetangulia nukta 20 nzima mbele ya sauti!

Wengine huikata sauti vipande vipande na kuisukuma kwa mkono. Watakesha bure. Dawa ni kusawazisha mwendo kabla ya kuanza: katika HandBrake, mahali pa video, chagua mwendo usiobadilika, kisha geuza. Shotcut nayo, ikiliona faili lenye mwendo wa kubadilika, hukuonya na kutaka kuligeuza, kubali.

Na wapiga picha wawili wakifanya kazi moja, wapatane hesabu ya picha asubuhi kabla ya kuanza. Katika nchi zetu za Tanzania na Kenya umeme ni wa mizunguko 50, hivyo hesabu ya 25 inafaa, hata taa za ukumbini hazitapepesa sana.

Wanafunzi wangu, saa yetu inakwisha. Mmeona kwamba katika mafundo yote manne dawa ya kufuta haimo. Kufuta kadi ni kazi ya mwisho kabisa, na ina masharti yake: nakala mbili, katika diski mbili tofauti, zote zimefunguliwa na kutazamwa mwanzo, katikati na mwisho. Hapo ndipo kadi irudi katika kamera na iandaliwe upya. Aliyekupa kazi amekukabidhi siku moja ya maisha yake. Mtunzie.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza namna ya kunasa sauti safi mahali penye upepo. Kwaherini.

*

UKIONA HIVI, FANYA HIVI

Kompyuta inataka kufomati kadi: Kataa. Jaribu kompyuta au kisomeo kingine.
Sauti inakatika penye viungo: Nakili kadi nzima na folda zake.
Faili halifunguki popote: Hifadhi nakala, kisha rudisha kadi katika kamera, betri ijae.
Sauti ipo, picha nyeusi: Tazama kodeki. Ongeza kisomeo au geuza iwe H.264.
Picha ipo, sauti haipo: Geuza kodeki ya sauti.
Inakwama unaporuka: Punguza picha ya kutazamia, au tumia nakala nyepesi.
Midomo na maneno havilingani: Sawazisha mwendo kwanza, ndipo ukate.

MANENO YA LEO

Faili: kifurushi kimoja cha habari ndani ya kompyuta.
Folda: mahali pa kuwekea mafaili pamoja.
Kodeki: kanuni ya kubana na kufungua picha au sauti.
Kufomati: kuandaa kadi upya, vilivyomo hufutwa.
Kuhariri: kukata, kupanga na kusafisha kazi.
Nakala nyepesi: picha ndogo za kufanyia kazi, badala ya zile kubwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini faili la MP4 laweza kukataa kucheza katika programu inayosoma MP4?
2. Daftari la ng'ombe linatufundisha nini juu ya H.264?
3. Jirani yako anataka kufuta kadi kwa sababu picha ni nyeusi. Utamwambia nini? Andika sentensi tatu.

HESABU YA NYUMBANI

Kamera huandika megabaiti 375 kwa dakika moja. Arusi imepigwa picha kwa dakika 60. Je, ni megabaiti ngapi? Ikiwa gigabaiti 1 ni megabaiti 1,000, je, kadi ya gigabaiti 16 itatosha? Na kwa nakala mbili, utahitaji nafasi ya gigabaiti ngapi?